Mizizi ya Kilatini katika Kiingereza: Maswali ya Wasomaji wa Malindi na Lamu

SWALI: Bwana Mwandishi, assalamu alaykum. Mimi ni kijana wa Maweni, Malindi, na ninafanya kazi ya mapokezi katika hoteli iliyo ufuoni. Ninajitayarisha kuingia chuo cha utalii, nami nasikia kwamba mtihani wa Kiingereza huko huwa na vifungu virefu vya ufahamu. Rafiki yangu alinipa orodha ya mizizi ya Kilatini pamoja na viambishi vyake, akanihakikishia kwamba mwenye kuihifadhi hufahamu maelfu ya maneno bila ya kufungua kamusi. Nimeihifadhi karibu yote, ila nikishika gazeti la Kiingereza bado nakwama palepale nilipokuwa nikikwama zamani. Je, njia hii ina faida, au nimepoteza wakati wangu?

Kijana wa Mapokezi, Malindi

JIBU: Waalaykumu ssalamu, ndugu yangu. Njia hiyo ina faida kubwa, lakini umeonyeshwa kuanzia mwisho wake. Orodha ya mizizi ni matokeo ya kusoma, wala si mwanzo wa kusoma. Wataalamu waliyakusanya maneno mengi, wakayalinganisha, ndipo wakaona kwamba kuna kipande kimoja kinachojirudia ndani yake. Wewe umekabidhiwa kile kipande kikiwa peke yake, bila ya maneno yanayokibeba, na akili ya binadamu haihifadhi kwa urahisi kitu kisichoshikamana na kingine.

Basi anza na maneno unayoyatamka kila siku hapo mapokezini. Unamjua "porter", yule anayebeba mizigo ya wageni. Unajua pia "transport", "export", "import" na "portable". Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, kina kitenzi "portare", maana yake kubeba, na maneno yote hayo yametoka humo: "trans" ni kuvuka upande wa pili, "ex" ni nje, "in" ni ndani, nayo hugeuka kuwa "im" inapokutana na herufi "p". Ukishaliona hilo katika maneno unayoyajua, ndipo uende kwa usiyoyajua sana. "Deport" ni kumbeba mtu na kumwondoa nchini. "Support" imeanza na "sub", yaani chini, ikapoteza "b" yake na kuchukua "p", na maana yake ya asili ni kubeba kutoka chini, jambo ambalo msaada wa kweli hulifanya. "Report" ni habari iliyobebwa na kurudishwa kwa aliyekutuma. Hapo mzizi mmoja umeshikiliwa na maneno manane, nao hautakuponyoka tena.

Jambo la pili ni kwamba wewe, kwa kuwa ni mtu wa Malindi unayekaa na wageni, huenda una akiba ambayo mwanafunzi wa Nairobi au Kisumu hana. Waitaliano wamekuwa hapa tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha kurushia setilaiti baharini mbele ya Ngomeni, kile cha San Marco, ambacho kutoka kwacho setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Baadaye wakaja wenye nyumba na wenye hoteli, na leo kuna vijana wengi Malindi na Watamu wanaozungumza Kiitaliano walichokiokota ufuoni bila ya kukaa darasani. Kiitaliano ni mtoto wa Kilatini. Kwa hiyo kijana anayejua kumwambia mgeni "acqua" ameshapata mlango wa "aquatic" na "aquarium"; anayejua "mano" ameshapata "manual" na "manuscript"; anayejua "dente" ana "dental"; anayejua "notte" yuko karibu na "nocturnal"; anayejua "vendere" ana "vendor", na anayejua "dormire" hawezi kushindwa na "dormitory". "Anno" inakupa "annual" na "anniversary". "Tempo" inakupa "temporary". Hii ni elimu ambayo unayo tayari, na inasikitisha kwamba shule zetu haziitumii, kana kwamba Kiitaliano cha ufuoni ni kitu cha kuonewa aibu.

Iko sababu ya kihistoria inayofanya akiba hiyo iwe na thamani pekee katika mtihani. Kiingereza kwa asili yake si mtoto wa Kilatini. Kimo katika jamii ya lugha za Kijerumani, na maneno yake ya nyumbani, kama vile "water", "hand", "tooth", "night", "year", "sea", "sun" na "moon", yametoka huko. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari akamshinda mfalme wa Waingereza katika vita vya Hastings, na kwa muda wa karne kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya ikulu, ya makabaila na ya mahakama, hata ikabidi itungwe sheria mwaka 1362 ili kesi zisikilizwe kwa Kiingereza. Kifaransa nacho ni mtoto wa Kilatini. Kisha katika karne ya 16 na ya 17 wanazuoni wa Uingereza, waliokuwa wakisoma na kuandika Kilatini, wakachota maneno moja kwa moja kutoka humo kwa ajili ya sayansi, sheria na dini. Matokeo yake ni kwamba Kiingereza cha leo kina ghorofa mbili: chini yamo maneno mafupi ya jikoni na ya barabarani, na juu yamo maneno marefu ya vitabuni. Tena ghorofa hizo hazina ngazi inayoonekana. Ukimjua "moon" hutaweza kubahatisha kwamba sifa yake ni "lunar". Ukimjua "sun" hutaweza kuifikia "solar". Ukiijua "sea" hutaifikia "marine", ingawa hilo la mwisho umelisoma katika kibao cha hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968. Lakini anayejua "luna", "sole" na "mare" za Kiitaliano tayari amesimama juu. Vifungu vya mtihani hutungwa zaidi kwa maneno ya ghorofa ya juu, na ndiyo maana wewe unazungumza na mgeni vizuri na bado unakwama gazetini.

Usiiamini akiba hiyo kupita kiasi, hata hivyo. Mtoto wa Kilatini aliyekulia Italia na neno la Kilatini lililohamia Uingereza wameishi mbali kwa miaka mingi, na baadhi yao wamebadilika tabia. "Libreria" ni duka la vitabu, ilhali "library" ni maktaba. "Parenti" ni jamaa wote, ilhali "parents" ni baba na mama tu. "Camera" ya Kiitaliano ni chumba, kama ilivyo kwenye funguo unazowapa wageni, na "camera" ya Kiingereza ni kifaa cha kupigia picha, kwa sababu kifaa hicho kilianza kama chumba cha giza chenye tundu dogo la kuingizia mwanga. Na hapo kwenye meza yako ya mapokezi upo mtego mwingine: "reservation" na "service" hufanana, lakini ya kwanza imetoka kwa "servare", kuhifadhi, ambayo ndiyo imo katika "preserve" na "conserve", na ya pili imetoka kwa "servire", kutumikia, ambayo ndiyo imo katika "servant".

Sasa nikuambie namna ya kufanya kazi yenyewe. Soma ukurasa mmoja wa gazeti kila siku, na usichague habari rahisi tu. Unapokutana na neno refu usilolijua, usikimbilie kamusi wala orodha yako. Kwanza lisome hadi mwisho wa sentensi yake, kisha lipasue uone kama kuna kipande unachokifahamu. Tuseme habari inaeleza kwamba mvua kubwa ya masika ilileta hali iliyoitwa "disrupted transport" kati ya Malindi na Garsen. "Transport" unayo. Katika "disrupted" yumo "rupt", ambaye asili yake ni kitenzi cha Kilatini cha kuvunja, na ambaye umemwona katika "interrupt", yaani kumkatiza mtu katikati ya maneno yake, na katika "erupt", yaani kupasuka na kutoka nje kama volkano. Umemwona pia katika "bankrupt", neno ambalo Waingereza walilichukua kwa Waitaliano waliosema "banca rotta", benchi iliyovunjika, wakimaanisha meza ya mbadilisha fedha aliyefilisika. Sasa unabahatisha: usafiri ulivunjwavunjwa, ulivurugika. Ndipo ufungue kamusi uhakikishe, na uliandike neno daftarini ndani ya sentensi yake nzima, chini ya jamaa zake wa mzizi huohuo. Kubahatisha kabla ya kuhakikisha ndiko kunakokaza kumbukumbu. Mwenye kuifungua kamusi kwanza hupata jibu, lakini kesho yake hulisahau.

Sehemu moja tu ya ile orodha yako ningekuruhusu uihifadhi bila ya kungoja, nayo ni viambishi awali. Ni vichache, na vimo katika maneno mengi kuliko mzizi wowote. "Re" ni kurudia au kurudisha, "pre" ni kabla, "post" ni baada, "sub" ni chini, "super" ni juu, "inter" ni baina, "con" ni pamoja, "contra" ni kinyume, "ad" ni kuelekea. Ugumu wao ni kwamba hubadilika umbo kwa kuifuata herufi inayowafuata: "ad" huwa "at" katika "attract", huwa "ac" katika "accept" na huwa "an" katika "announce", "con" huwa "com" katika "combine" na "col" katika "collect". Ukiona herufi mbili zinazofanana karibu na mwanzo wa neno refu la Kiingereza, mara nyingi ni kiambishi kilichojificha hivyo, na kulijua hilo kutakusaidia pia katika tahajia, ambako watahiniwa wengi hupoteza alama.

SWALI: Mwandishi mpendwa, mimi ni mama wa Langoni, Lamu. Binti yangu anasomea uuguzi bara, na amenieleza kwamba mwalimu wao huwafundisha maneno ya tiba kwa kuyakata vipande. Mwanzoni alifurahi, lakini sasa amechanganyikiwa. Katika zoezi moja aliona neno "pedestrian" akaandika kwamba ni mgonjwa mtoto, kwa kuwa wodi ya watoto huitwa "paediatric". Aliambiwa amekosea, na tangu hapo ameshaanza kusema mizizi ni ya kupoteza watu. Nami nilisoma chuoni tu, yaani madrasa, sikufika mbali katika Kiingereza, ila ningependa kumsaidia. Mizizi hii inaaminika?

Mama wa Langoni

JIBU: Mama yangu, kwa kuwa umesoma chuoni, wewe ndiye mtu wa kumsaidia, na nitakuonyesha sababu. Uliposomeshwa sarufi ya Kiarabu ulifundishwa kwamba maneno huzaliwa na herufi za asili, mara nyingi tatu. Kutoka kaf, ta na ba tumepata kitabu, katibu na maktaba, nayo yote yanahusu kuandika. Kutoka ha, kaf na mim tumepata hukumu, hakimu, mahakama na hekima. Sasa mtu asiyejua Kiarabu akikuambia kwamba haki nayo ni ndugu wa hakimu, kwa kuwa yanafanana na yote mawili ni ya mahakamani, utamwambia kwamba sivyo, kwa sababu haki ina qaf na hakimu ana kaf. Tahajia ya Kiswahili imezifunika herufi mbili kwa moja. Vivyo hivyo katibu na hatibu: wa kwanza ni wa kaf na anaandika, wa pili ni wa kha na anasoma hotuba ya Ijumaa. Binti yako ameangukia shimo la namna hiyohiyo, na hakuna aliyesoma lugha asiyewahi kuliangukia.

"Pedestrian" imetoka kwa neno la Kilatini la mguu, ambalo limo katika "pedal" ya baiskeli. Ni mtu anayekwenda kwa miguu. "Paediatric" imetoka kwa neno la Kigiriki la mtoto, ambalo limo pia katika "pedagogy", yaani taaluma ya ualimu. Waingereza huandika "paed" na Wamarekani wakaifupisha kuwa "ped", na ufupisho huo ndio unaozidisha mchanganyiko. Mwambie kwamba katika tiba lugha mbili zinafanya kazi pamoja, na kila kiungo aghalabu kina majina mawili. Figo ni "renal" ukifuata Kilatini, na ugonjwa wake wa uvimbe ni "nephritis" ukifuata Kigiriki. Mapafu ni "pulmonary" kwa Kilatini, lakini kichomi ni "pneumonia", neno la Kigiriki. Kwa hiyo asitafute mzizi mmoja kwa kila kiungo. Aandike yote mawili ubavu kwa ubavu, na ajifunze mapema kwamba "itis" mwishoni mwa neno ni uvimbe wenye joto na maumivu, kama katika "hepatitis" ya ini, "gastritis" ya tumbo na "appendicitis" ya kidole tumbo.

Kuhusu kuaminika, nitasema wazi: mzizi huonyesha upande neno linakotoka, lakini hautoi maana kamili ya leo. Chukua "candidate". Asili yake ni "candidus", nyeupe ing'aayo, kwa sababu Mroma aliyegombea cheo alivaa joho lililopakwa weupe alipokwenda kuomba kura. Hakuna weupe wowote katika mgombea wa leo wala katika mtahiniwa. Ukikijua kisa hicho utalikumbuka neno maisha yako yote, lakini kama ungekuwa na mzizi peke yake, usingeifikia maana. Ndiyo maana sipendi ahadi ya kwamba mizizi humwondolea mtu haja ya kamusi. Hupunguza kazi ya kukumbuka, na hilo si jambo dogo kwa mwanafunzi wa uuguzi mwenye maneno mengi mapya kila wiki.

Yako maeneo ambayo hapaswi kubahatisha hata kidogo, na ningeomba umsisitizie kwa sauti ya mama. La kwanza ni "hyper" na "hypo". Yote ni ya Kigiriki, hutofautiana kwa herufi chache, na kwa mzungumzaji wa haraka husikika kama neno moja, lakini "hyper" ni kuzidi na "hypo" ni kupungua. Mgonjwa wa "hypertension" ana shinikizo la damu lililopanda. Wa "hypotension" limeshuka. Mgonjwa wa kisukari mwenye "hypoglycaemia" amepungukiwa na sukari katika damu na huhitaji kupewa sukari upesi. Mwenye "hyperglycaemia" imemzidi. Akichanganya hapo, mtu anaweza kufa. La pili ni "ante" na "anti". Kliniki ya "antenatal", ambayo wajawazito wetu huhudhuria, imetokana na "ante" ya Kilatini, kabla, na neno la kuzaliwa. Haina uhusiano na "anti" ya Kigiriki, dhidi ya, iliyomo katika "antibiotic". La tatu ni "inter" na "intra": ya kwanza ni baina, ya pili ni ndani, na dawa ya "intravenous" huingia ndani ya mshipa, ilhali ya "intramuscular" huingia ndani ya msuli. La nne ni jozi ya hatari ingawa si ya wodini kila siku, "prescribe" na "proscribe". Zote zina "scribe", kuandika. Ya kwanza ni daktari kumwandikia mgonjwa dawa, na ya pili ni kupiga kitu marufuku.

Kisha yupo "in", mwenye sura mbili. Mara nyingi hukanusha, kama katika "incurable", isiyotibika. Lakini mara nyingine ni "ndani" tu. "Inflammable", neno linaloandikwa kwenye mitungi na chupa za spiriti, halimaanishi kwamba kitu hakishiki moto; limetoka kwa kitenzi cha kutia moto, na linamaanisha kwamba kinawaka upesi, sawasawa na "flammable". Hatari ya mtu kulisoma kinyume ndiyo iliyofanya watu wa usalama wapendelee kuandika "flammable" peke yake. "Inflammation" pia ni ndugu yake, na humo wodini atakutana nayo kila siku.

SWALI: Shikamoo, Mwandishi. Mimi ni nahodha wa mashua inayotembeza wageni kutoka Shela hadi Manda na Matondoni. Mgeni mmoja alitueleza kwamba "island" limetokana na neno la Kilatini "insula". Mwanangu anayesoma sekondari akasema mwalimu wake amemfundisha hivyohivyo. Ni kweli? Na je, liko neno la bahari ambalo kweli limetoka kwa Warumi?

Nahodha, Shela

JIBU: Marahaba, nahodha. Hilo la kwanza si kweli, ingawa ni kosa linaloeleweka. "Island" ni neno la Kiingereza cha kale, lenye asili ya Kijerumani, na zamani halikuwa na "s" kabisa. "Isle", neno fupi lenye maana hiyohiyo, ndilo lililotoka kwa "insula" kupitia Kifaransa. Waandishi wakaona maneno mawili ya kisiwa yanafanana, wakadhani ni ndugu, wakaichomeka "s" katika "island" bila ya haki. Hata leo haitamkwi. Mwanao aitumie "insula" mahali pengine: "peninsula" ni "karibu kisiwa", yaani rasi; "insulate" ni kukitenga kitu kisipitishe joto wala umeme, kama kisiwa kinavyotengwa na bara; na "isolate" ni kumtenga mtu peke yake, neno lililopitia kwa Waitaliano wenye "isola".

La pili ni zuri zaidi, na wewe utalielewa kuliko mimi. Kilatini kiliita bandari "portus". Upepo uliokuwa ukivuma kuelekea bandarini, wa kukuingiza salama, uliitwa "opportunus", na kutoka humo tumepata "opportune" na "opportunity", nafasi inayokuja kwa wakati wake. Anayejua tofauti ya kungoja kaskazi na kungoja kusi hahitaji kuelezwa maana hiyo mara mbili. "Navigate" nalo limeunganisha "navis", chombo cha baharini, na kitenzi cha kuendesha. "Submarine" ni chini ya bahari. Lakini "port" ya bandari usiichanganye na "portare" ya kubeba niliyomweleza kijana wa Malindi. Katika Kilatini yalikuwa maneno mawili mbalimbali.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Mambrui. Je, inafaa kuwafundisha watoto mizizi hii, na je, inanipasa nijifunze Kilatini chenyewe kwanza?

Mwalimu, Mambrui

JIBU: Mwalimu mwenzangu, Kilatini chenyewe hakikupasi. Kina mnyambuliko mrefu wa vitenzi na miishilio mingi ya nomino, na hayo hayaingii katika msamiati wa Kiingereza. Kinachokutosha ni kamusi nzuri ya Kiingereza inayoonyesha asili ya kila neno. Zichunguze kabla ya kununua, kwani nyingi za wanafunzi zimeiacha sehemu hiyo.

Watoto wadogo usiwape mizizi ya kukariri. Wape maneno yaliyomo vinywani mwao. Senti na sentimita zote zimetoka kwa "centum", mia, na mtoto anayejua kwamba sentimita mia ni mita moja ataelewa mara moja kwa nini karne ni "century" na kwa nini asilimia ni "per cent". Milimita imetoka kwa "mille", elfu, na humo ndimo imo "millennium". Kisha waonyeshe kwamba Kilatini kilifika pwani hii kabla ya Waingereza. Wareno, ambao lugha yao nayo ni mtoto wa Kilatini, walifika Malindi mwaka 1498 pamoja na Vasco da Gama, ambaye nguzo yake watoto wako wanaweza kuiona kwa safari fupi ya gari, na walituachia maneno. Kasha ni "caixa" yao, iliyotoka kwa "capsa" ya Kilatini, ambayo kwa Kiingereza imezaa "case" na, kwa umbo lake la udogo, "capsule", ile dawa iliyo ndani ya kijikasha. Padri ni "pater", baba, aliyemo katika "paternal". Mvinyo ni "vinum", iliyomo katika "vinegar", siki, ambayo kwa Kifaransa cha zamani ilikuwa "mvinyo mkali".

Kuanzia gredi ya sita hivi, unaweza kuongeza viambishi awali, kimoja kwa wiki, na uwatake walete wenyewe maneno waliyoyaona kwenye vibao vya maduka, pakiti za dawa na magazeti. Watakuletea pia maneno yasiyohusika, kama mtoto atakayedai kwamba "real" na "read" zina "re" ya kurudia. Usimkatize, mpe kamusi, amtafute huyo "re" mbele ya wenzake, na aandike ubaoni alichokikuta.